Kupima matumizi ya maji ya moto nyumbani kwa kirekodi joto: mwongozo kamili kwa walioshindwa mara ya kwanza

Wengi wanaoniletea faili lao la vipimo niliangalie huwa na mchoro wa aina moja: mstari uliolala kama barabara ya Dodoma, vilima viwili vitatu visivyoeleweka, na nyumba ina watu sita wanaooga kila siku. Swali lao ni moja: kihisi ni kibovu? Mara nyingi ni kizima kabisa. Kimefungwa pasipofaa, au kinasoma kila baada ya dakika kumi, au yote mawili.

Shika jambo moja kabla ya kununua chochote. Kirekodi joto, yaani kihisi pamoja na bodi inayoandika vipimo vyake, hakipimi maji, kinapima bomba. Maji ya moto yakipita, bomba linapata moto haraka. Yakisimama, bomba linapoa polepole. Kazi yako yote ni kumwezesha huyu shahidi aone maji yakipita na asidanganywe na vitu vingine.

Mfano ninaotumia ni hita ya kuning'inia ukutani, lita 50, wati 1,500, Arusha, ambako asubuhi za Juni na Julai suala la kuoga maji ya baridi halijadiliwi. Aliye Njombe au Mbeya atanielewa zaidi. Aliye Tanga asome kwa udadisi tu.

Kama unatumia shawa ya umeme inayochemsha maji papo hapo, njia hii haikuhusu sana: haina tenki, kwa hiyo muda wa kuoga ukizidisha kwa wati zake umemaliza.

## Vifaa

- Vihisi joto vitatu vya DS18B20, vile vyenye kichwa cha chuma cha pua na waya wa mita moja hadi tatu. Dukani ukisema "kihisi" watakutazama. Sema "sensa ya joto ya kuzamisha kwenye maji" na utaje namba.
- Bodi ya ESP32, yaani kompyuta ndogo ya kusomea vihisi.
- Risista (kizuizi kidogo cha umeme) moja ya kilo-omu 4.7.
- Moduli ya memori kadi, na moduli ya saa ya DS3231 ikiwa na betri yake ndogo ya duara.
- Chaja ya simu na waya wake.
- Karatasi ya aluminiamu ya jikoni, tai za plastiki za kufungia nyaya, na kipande cha ile sponji nyeusi ambayo mafundi wa AC huvisha mabomba yao.
- Chupa ya chai, barafu, na kipimajoto cha homa cha dijitali.
- Ndoo ya lita 20 na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Daftari.

Usitumie pawabanki badala ya chaja. Nyingi hujizima zenyewe zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo mno, na utaligundua hilo asubuhi, faili likiwa limeishia saa nne usiku.

Ukinunua kirekodi kilichotengenezwa tayari badala ya kuunganisha mwenyewe, chukua chenye kihisi cha nje kwenye waya. Vile ambavyo kihisi kimo ndani ya kasha la plastiki hupata habari za bomba wakati mtu ameshajifuta na kuvaa.

## Hatua ya 1: Unganisha mezani, mbali na bafu

Kwa kawaida waya mwekundu wa DS18B20 unaenda kwenye volti 3.3, mweusi kwenye ardhi ya bodi (pini ya GND), wa njano kwenye pini ya data (mimi hutumia pini ya 4). Vihisi vyote vitatu vinaunganishwa kwenye pini hiyo hiyo moja, kwa sababu kila kimoja kina namba yake ya kuzaliwa ndani. Risista inakaa kati ya mwekundu na wa njano. Moja inatosha kwa vyote.

Rangi hazifuatwi na kila kiwanda. Ukiunganisha na kichwa cha kihisi kikaanza kuwa cha moto mkononi, chomoa mara moja: umeme umeingia kinyume.

Utajua umefaulu ukiona namba tatu zinazokaribiana, zinazolingana na joto la chumba. Ukiona 85 kamili, hicho si kipimo. Ndiyo namba ambayo kihisi hiki huwa nayo kinapowashwa, kabla hakijapima chochote. Ukiona -127, programu uliyoiweka kwenye bodi inakwambia haikipati kihisi: waya umeachia au risista haipo.

Sasa shika kichwa kimoja kimoja kwenye kiganja. Namba itakayopanda ndiyo yake. Bandika utepe na uandike: MOTO, BARIDI, HEWA. Wanaoruka hatua hii hurudi baada ya wiki nzima wakiwa na maji baridi ya nyuzi 55.

## Hatua ya 2: Linganisha vihisi

Mtengenezaji anaahidi kosa lisilozidi nusu nyuzi kati ya -10 na 85. Lakini DS18B20 bandia zimejaa sokoni, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo pima.

Ponda barafu, jaza chupa ya chai, ongeza maji kidogo tu ya kuziba nafasi, tumbukiza vihisi vyote, subiri dakika kumi, koroga. Unatafuta sifuri. Kihisi kinachosema 0.4, andika daftarini "toa 0.4". Kinachosema 3, kirudishe dukani.

Kisha maji ya vuguvugu kwenye chupa hiyo hiyo, kama nyuzi 38 hadi 40, ukilinganisha na kipimajoto cha homa. Kile kimetengenezwa kiwe sahihi hapo hasa.

Usitumie maji yanayochemka kama kipimo chako. Watu huona 95, wanadhani kihisi kimekosea, wanaongeza 5 kwenye programu, na kuanzia hapo kila kitu kimeharibika. Maji huchemka kwa nyuzi 100 pwani. Kila ukipanda mita 300 hivi, unapoteza karibu nyuzi moja. Arusha, kwenye mita 1,400, maji huchemka karibu na 95, na Nairobi karibu na 94. Kihisi chako kilikuwa kinasema kweli.

## Hatua ya 3: Kisome kila sekunde 10, kiandike hapo hapo

Mtu akioga dakika tano na kirekodi kinasoma kila dakika kumi, kwa kirekodi hicho mtu huyo hajaoga. Kunawa uso kunachukua nusu dakika. Ndiyo maana nang'ang'ania sekunde 10. Ni mistari 8,640 kwa siku, ambayo kwenye memori kadi si kitu: mwezi mzima haufiki megabaiti 15.

Kirekodi cha dukani chenye nafasi ya vipimo 16,000 kikisoma kila sekunde 30 kitajaa baada ya siku tano na nusu. Zaidi ya sekunde 30 usiende. Afadhali upime siku chache kwa karibu kuliko mwezi mzima kwa mbali.

Mstari wa faili uwe hivi, kwa mpangilio wa tarehe, saa, MOTO, BARIDI, HEWA:

2025-07-14, 05:32:10, 24.6, 18.9, 17.8

Programu ihifadhi kila mstari kwenye kadi papo hapo, isikusanye mia moja kwanza. Umeme ukikatika, usipoteze zaidi ya sekunde kumi. Na saa ya DS3231 usiikose, la sivyo baada ya kila kukatika kwa umeme bodi itaanza upya kama imezaliwa leo.

Kuhusu saa: kifaa kinaandika 05:32, sisi tunasema saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kwenye daftari la nyumbani watu wataandika "saa 11:30", na 11:30 ya kifaa ni karibu adhuhuri. Amua mapema. Mimi naiacha faili ilivyo, na daftarini nawaomba waandike neno: alfajiri, mchana, jioni.

## Hatua ya 4: Chagua mahali pa kufunga

Hapa ndipo kazi inapoharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Kosa la kwanza ni kufunga kihisi juu ya bomba la PPR. Ni bomba zuri, haliozi, lakini ni plastiki nene na joto hulipenya polepole. Maji ya nyuzi 60 yanapita ndani, nje bado linashangaa. Kwa mtu aliyefungua bomba dakika moja, kihisi kitaona kilima kidogo kisichotofautiana na jua la dirishani.

Kosa la pili ni kinyume chake: kukisogeza hadi shingoni mwa hita. Pale ni chuma, sawa, lakini chuma hicho kinapashwa na tenki lenyewe mchana na usiku. Mstari utakaa juu muda wote, na kuoga hakutaongeza kitu cha kuonekana.

Tafuta mahali penye chuma, mbali kidogo na tenki. Angalia ule mpira uliofumwa kwa nyaya unaotoka chini ya hita, penye duara jekundu, kwenda ukutani. Mwisho wake wa ukutani una nati ya shaba. Kihisi cha MOTO kinakaa kwenye nati hiyo, upande wa ukuta. Joto la tenki halifiki hapo kirahisi, lakini maji yakipita shaba inajua ndani ya sekunde chache. Nyumba yenye mabomba ya chuma ya zamani ina bahati: futa rangi na kutu, funga popote kati ya sentimita 30 na 50 kutoka kwenye hita.

Kihisi cha BARIDI kinakaa kwenye nati ya ukutani ya upande wa duara la bluu. Kinaleta ushahidi wa pili. Maji ya moto yanapotoka, maji baridi lazima yaingie, kwa hiyo MOTO ukipanda na BARIDI akishuka kwa pamoja, mtu amefungua maji, hakuna mjadala. MOTO akipanda peke yake polepole, ni jua, au ni hita imewaka. Pia kinakwambia maji ya simtanki yanaingia na joto gani, na lile la darini saa nane mchana si sawa na la alfajiri.

HEWA kiache kining'inie chumbani, kisiguse ukuta wala bomba.

Tahadhari za umeme na moto zisichukuliwe kirahisi. Zima hita kwenye swichi yake ya ukutani kabla ya kugusa. Usifungue kifuniko cha hita hata kwa "kuchungulia": ndani kuna volti 230 na maji kwa pamoja, na kazi hii haihitaji ufungue. Kwenye bomba la baridi kuna vali ndogo ya usalama yenye mdomo unaodondosha tone moja moja hita inapochemsha. Maji yanapanuka na lazima yatokee mahali. Usiufunge mdomo huo, usiuvishe sponji. Bodi na chaja ziwe nje ya bafu au juu pasipofikiwa na maji ya shawa. Waya wa kihisi ndio uende bafuni.

## Hatua ya 5: Funga

Lisafishe eneo kwa kitambaa. Laza kichwa cha kihisi kwa urefu dhidi ya shaba, zungushia karatasi ya aluminiamu mara mbili au tatu, kaza kwa tai mbili. Kisha visha sponji nyeusi juu, sentimita tano kila upande, na kaza tena.

Aluminiamu inasambaza joto kutoka kwenye nati hadi kwenye kihisi. Sponji inazuia upepo wa dirishani usiingilie. Bila sponji, kihisi kinapima wastani wa bomba na bafu, na utakuwa unachora hali ya hewa.

## Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kuondoka

Washa hita, subiri taa yake izime. Acha bomba lipoe nusu saa bila mtu kutumia. Fungua maji ya moto peke yake dakika mbili, funga.

Umefaulu kama MOTO amepanda nyuzi 10 au zaidi ndani ya dakika ya kwanza, BARIDI ameshuka au amekaa karibu na joto la simtanki, na baada ya kufunga MOTO ameanza kushuka kwa mteremko mpole. Akipanda kwa uvivu, rudi Hatua ya 4. Usiseme "itajirekebisha". Haitajirekebisha.

## Hatua ya 7: Pima mtiririko kwa ndoo

Kihisi kinakupa dakika. Lita utazipata kwa ndoo. Mwambie anayeoga sana aweke shawa kama anavyoipenda, kinga ndoo ya lita 20, hesabu sekunde. Ikijaa kwa dakika tatu, ni lita 6.7 kwa dakika. Pima na joto la maji hayo ndani ya ndoo, kwa kihisi cha HEWA ulichokiazima dakika moja.

Fanya hivyo pia kwa sinki la jikoni. Rudia siku simtanki limepungua, kwa sababu presha hushuka nalo.

## Hatua ya 8: Siku saba, na daftari mlangoni

Waambie wenye nyumba. Sifanyi mzaha: kifaa hiki kinajua nani kaoga saa ngapi, na dada wa kazi au mgeni ana haki ya kujua kuwa bomba lina macho.

Kwa siku mbili za kwanza tu, kila anayefungua maji ya moto aandike daftarini alichofanya na wakati. Zaidi ya siku mbili hawataandika, watakuwa wanabuni. Siku tano zinazobaki kifaa kifanye kazi peke yake.

## Hatua ya 9: Soma mchoro

Fungua faili kwenye programu yoyote ya majedwali, chora MOTO na BARIDI pamoja, siku moja moja. Siku saba kwenye mchoro mmoja hutasoma kitu.

Hesabu tukio la matumizi pale MOTO anapopanda nyuzi 3 au zaidi ndani ya dakika moja huku BARIDI hapandi. Mwanzo ni pale anapoanza kupanda, mwisho ni pale anapoanza kushuka. Linganisha na daftari la siku mbili. Kama matukio ya daftari ni tisa na wewe umepata matano, punguza nyuzi 3 ziwe 2 ujaribu tena.

Yapo utakayokosa na usijisumbue nayo. Mtu akifungua upande wa moto kunawa mikono na kufunga kabla maji hayajafika, bomba la nusu inchi la mita 10 lina zaidi ya lita moja ya maji yaliyosimama. Ametumia maji ya moto ya tenki bila hata kuyahisi, na yatapoa ukutani. Vichomozo vidogo utakavyofanikiwa kuviona karibu na wakati wa kula kwa kawaida vinatoka sinki la jikoni.

Angalia pia umbo la kilima. Kilima kinachopanda hadi 58, kikatulia, kikaisha, ni kuoga kwa kawaida. Kilichopanda hadi 58 kisha kikaanza kuporomoka huku BARIDI akiwa bado chini, yaani maji bado yanapita, ni tenki limekwisha. Huyo ndiye mtu wa tatu wa asubuhi, yule anayelalamika kila siku na kuambiwa anadeka.

## Hatua ya 10: Geuza dakika ziwe uniti

Kupasha lita moja kwa nyuzi moja kunahitaji wati-saa 1.163. Namba hii ikariri.

Tuseme mtu ameoga dakika 8 kwa lita 6 kwa dakika: lita 48. Maji ya shawa ni nyuzi 40, ya simtanki ni 20. Hesabu: 48 × 20 × 1.163 = wati-saa 1,116, yaani uniti 1.1 (uniti moja ni wati-saa 1,000). Mwenzake aliyeoga kwa ndoo moja ya lita 20 yenye joto hilo hilo ametumia karibu nusu uniti. Chukua risiti yako ya LUKU, gawanya fedha uliyolipa kwa uniti ulizopata, na utajua bei ya kila mmoja wao. Usiisome mezani wakati wa chakula.

Kwa hesabu hii ya shawa huhitaji kujua maji yamechanganywa vipi. Ukitaka kujua ni kiasi gani kimetoka kwenye tenki, chukua joto la shawa toa la baridi, ugawanye kwa joto la tenki toa la baridi. Kwa 40, 20 na 60 unapata nusu: lita 24 za moto.

Sasa hasara ya tenki kukaa tu. Usiku mmoja zima hita baada ya mtu wa mwisho kuoga, andika kilele cha MOTO. Alfajiri, mtu wa kwanza akioga kabla hita haijawashwa, andika kilele kipya. Lita 50 zikishuka nyuzi moja zimepoteza wati-saa 58. Zikishuka nyuzi 8 kwa usiku, ni karibu nusu uniti. Ni makadirio, maana maji ya juu ya tenki hubaki na joto kuliko ya chini, lakini yanatosha kukuonyesha gharama ya kuacha hita ikiwaka saa 24.

## Hatua ya 11: Amua saa ya kuwasha

Lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 ni uniti 2.3. Kwa wati 1,500 hiyo ni saa moja na dakika 33, hata kidogo zaidi. Kama mchoro unaonyesha mtu wa kwanza anaoga saa kumi na moja na nusu alfajiri, kuwasha saa tisa na robo tatu kunatosha.

Ukitaka swichi ya saa, angalia uwezo wake. Wati 1,500 huvuta ampea 6.5, na swichi ya ampea 13 inabeba bila shida. Hita ya wati 3,000 inavuta ampea 13 kamili, kwa saa nzima au zaidi, na swichi ya kuchomeka inaweza kuungua taratibu. Hapo mwite fundi umeme afunge kontakta, yaani swichi ya kubeba umeme mkubwa.

Usishushe themostati (kidhibiti joto cha hita) chini ya 60 ili kuokoa umeme. Maji yanayokaa kwenye vuguvugu huotesha bakteria wa Legionella. Lakini kwa nyuzi 60 maji yanaunguza ngozi ndani ya sekunde chache, kwa hiyo mwenye watoto afunge vali ya kuchanganyia kwenye bomba la bafu.

Baada ya kubadilisha saa, pima wiki nyingine vihisi vikiwa palepale bila kuguswa, ulinganishe Jumatatu na Jumatatu. Wiki yenye wageni wa harusi itoe kwenye hesabu.